Kinga Isiyoandikwa

1787–1867: Ukimya wa Katiba

Wazee waliokusanyika Philadelphia mwaka 1787 kuitunga Katiba ya Marekani walikuwa watu wenye hadhari kubwa ya maneno, kwa kuwa walikuwa wametoka juzi tu katika vita vya kujikomboa na mfalme ambaye, kwa mujibu wa sheria za Uingereza, hakuweza kuhesabiwa kosa wala kusimamishwa mbele ya hakimu yeyote. Wajumbe wa mabaraza ya kutunga sheria waliwaandikia kinga bayana: asikamatwe mjumbe akiwa njiani kwenda barazani ila kwa makosa mazito, wala asiulizwe mahali pengine popote kwa neno alilolinena katika mjadala. Rais hawakumwandikia kitu. Walichokiandika, katika kifungu kinachohusu kumshtaki kiongozi barazani ili aondolewe, ni kwamba adhabu ya baraza haitazidi kumvua cheo na kumnyima vyeo vya baadaye, walakini aliyetiwa hatiani kwa njia hiyo atabaki chini ya sheria, ashtakiwe, ahukumiwe na aadhibiwe mahakamani.

Ukimya huo ndio chimbuko la habari yote ninayotaka kuisimulia. Msomaji wa kwetu huenda akaustaajabia, maana Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 46, imeiandika kinga ya Rais dhidi ya mashtaka, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 143, imeiandika vilevile kwa muda ambao Rais yumo madarakani. Mtu anaweza kuipenda kinga hiyo au kuichukia, lakini anaiona, anaisoma, na akitaka ibadilishwe anajua ni maneno gani yafutwe. Huko Marekani kinga ya rais haikupata kuandikwa na watunga Katiba. Imejengwa na mahakimu, jiwe juu ya jiwe, kwa muda wa zaidi ya karne mbili, na jiwe zito kuliko yote liliwekwa tarehe 1 Julai, 2024.

Walioishi zama zile za kwanza hawakuuona ukimya huo kuwa ni kinga. Alexander Hamilton, katika mojawapo ya makala alizoziandika mwaka 1788 kuwashawishi watu wa New York waikubali Katiba mpya, alimlinganisha rais na mfalme wa Uingereza sifa kwa sifa, na alipofika kwenye sheria alisema kwamba mfalme nafsi yake ni tukufu haiguswi, ilhali rais ataweza kushtakiwa na kuadhibiwa kwa njia ya kawaida ya sheria. Miaka kumi na tisa baadaye, mwaka 1807, neno hilo lilitiwa katika mizani. Aaron Burr, aliyekuwa makamu wa rais, alishtakiwa kwa khiyana katika mji wa Richmond, Virginia, naye akaomba apewe barua aliyoandikiwa Rais Thomas Jefferson na Jenerali James Wilkinson. Jaji Mkuu John Marshall, aliyeiendesha kesi hiyo mwenyewe, aliamua kwamba rais naye huweza kuletewa samansi. Jefferson hakwenda Richmond, akashikilia kwamba ni yeye wa kupima lipi la kufichua, hata hivyo alipeleka karatasi, Burr akaachiliwa. Katika mvutano ule kila mmoja alijitwalia kitu: mahakama ilipata haki ya kuomba, na rais akapata desturi ya kujibu kwa masharti.

Karne ya kumi na tisa haikuongeza mengi. Mwaka 1867 jimbo la Mississippi liliiomba Mahakama ya Juu imzuie Rais Andrew Johnson kuzitekeleza sheria zilizofuatia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mahakama ikakataa kutia mkono wake katika kazi ya rais. Kisha jambo likalala kwa miaka zaidi ya mia moja.

1972–1974: Kanda za Nixon

Usiku wa tarehe 17 Juni, 1972, watu watano walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate, Washington. Wezi hao wangehukumiwa na kusahaulika kama Ikulu isingejitia kazini kuuficha uhusiano wao nayo. Na hapa naomba msomaji azipatie kituo fikra zake, kwa sababu kosa lililomwangusha Rais Richard Nixon ni lile ambalo wanasheria huliita kuzuia haki isitendeke, nalo ni kosa la namna ya peke yake linapotendwa na mtawala. Raia wa kawaida akitaka kuzuia haki, huchana karatasi, huficha kisu, humhonga shahidi au humtisha. Rais hana haja ya kuchana kitu. Humwita ofisa wake, aliye chini ya amri yake kwa mujibu wa sheria, akamwamrisha. Chombo cha kosa lake ni cheo chenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa. Siku sita tu baada ya wezi kukamatwa, Nixon alikubali ushauri wa msaidizi wake kwamba shirika la ujasusi, CIA, litumiwe kuwaambia wapelelezi wa FBI wasiendelee na uchunguzi. Mazungumzo hayo yalinaswa na mitambo ya kurekodi sauti ambayo Nixon mwenyewe ndiye aliyeitega katika ofisi yake, na dunia haikujua habari ya mitambo hiyo mpaka Julai 1973, pale Alexander Butterfield, aliyekuwa msaidizi wa Ikulu, alipoitaja mbele ya kamati ya Seneti. Mwendesha mashtaka maalumu, Archibald Cox, akazidai kanda. Tarehe 20 Oktoba, 1973, usiku wa Jumamosi, Nixon alimwamuru Mwanasheria Mkuu, Elliot Richardson, amfukuze Cox. Richardson akajiuzulu kuliko kutii, naibu wake William Ruckelshaus naye akakataa akaondoka, na wa tatu katika safu hiyo, Robert Bork, ndiye aliyeitimiza amri. Sijui siku nyingine katika historia ya dola hiyo ambayo watu wawili waliutupa ukubwa wao kwa saa moja ili wasiwe mkono wa kosa la mtu mwingine, na majina yao yanastahili kutamkwa kwa taadhima.

Mwezi mmoja kabla ya usiku huo, Wizara ya Sheria ilikuwa imeandika waraka wa ndani wenye rai kwamba rais aliye kazini hawezi kufunguliwa mashtaka ya jinai. Waraka huo haukuwa hukumu ya mahakama wala sheria ya baraza; ulikuwa ni ushauri wa watumishi wa serikali. Walakini uliheshimiwa kama hukumu, ukathibitishwa tena mwaka 2000, na baadaye tutauona ukirudi kufanya kazi ambayo waandishi wake labda hawakuiwaza. Jopo la raia lililowashtaki wasaidizi saba wa Nixon mwezi Machi 1974 lilimtaja rais kuwa mshiriki wa njama hiyo bila ya kumshtaki.

Shauri la kanda likafika Mahakama ya Juu. Tarehe 24 Julai, 1974, majaji wanane, bila hata mmoja kupinga, waliamua kwamba rais anayo haki ya kutunza siri za mashauriano yake, lakini haki hiyo haiwezi kuishinda haja ya mahakama ya kupata ushahidi katika kesi ya jinai. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Warren Burger, aliyeteuliwa na Nixon huyo huyo, na wenzake wawili waliokubaliana naye walikuwa wateuliwa wa Nixon pia. Siku tatu baadaye kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi ilipitisha shtaka la kwanza dhidi ya rais, nalo lilikuwa kuzuia haki. Tarehe 5 Agosti kanda ya mazungumzo yale ikatolewa hadharani, na tarehe 9 Nixon aliondoka madarakani.

Mwezi uliofuata mrithi wake, Gerald Ford, alimpa msamaha kamili kwa makosa yoyote aliyoyatenda alipokuwa rais, na Nixon akaupokea. Wengi walichukizwa na msamaha ule, na baadhi waliusifu kwa kuutuliza moyo wa nchi. Mimi naukumbuka kwa sababu nyingine. Mtu hasamehewi deni ambalo hawezi kudaiwa. Ford, Nixon, na mawakili waliouandika waraka ule wote waliamini kwamba rais aliyestaafu huweza kushtakiwa kwa aliyoyatenda Ikulu, na imani hiyo ilidumu bila kutikiswa na hukumu yoyote kwa miaka hamsini kasoro miezi miwili.

1982 na 1997: Milango Miwili ya Madai

Jiwe la kwanza kubwa la kinga liliwekwa katika kesi ya fidia, wala si ya jinai. Ernest Fitzgerald, mtaalamu wa gharama katika Jeshi la Anga, aliliambia baraza mwaka 1968 kwamba ndege za mizigo za C-5A zingegharimu takriban dola bilioni 2 zaidi ya makadirio. Akapoteza kazi yake wakati wa Nixon, naye akamdai Nixon fidia. Mwaka 1982, kwa majaji watano dhidi ya wanne, mahakama iliamua kwamba rais hawezi kudaiwa fidia kwa jambo lolote alilolitenda ndani ya duara la kazi yake, hata ukingoni kabisa mwa duara hilo. Jaji Byron White alipinga kwa ukali, akiona kwamba kinga sasa imevikwa cheo badala ya matendo mahususi ya kazi. Walioandika hukumu walijitahidi kutofautisha: madai ya mtu binafsi ni kitu kimoja, na haja ya umma kuona jinai inaadhibiwa ni kitu kingine kilicho kizito zaidi. Sentensi hizo zilisomwa na wengi kama ahadi.

Mwaka 1997 mlango wa pili ulibaki wazi. Katika kesi ya Clinton dhidi ya Jones, majaji wote tisa waliamua kwamba rais huweza kudaiwa akiwa kazini kwa mambo aliyoyatenda kabla ya kushika madaraka, wakatabiri kwamba shauri hilo halitamchukulia muda mwingi. Utabiri ukawaaibisha. Maelezo ambayo Bill Clinton aliyatoa chini ya kiapo Januari 1998 ndiyo yaliyozaa mashtaka ya barazani ya uongo na kuzuia haki. Seneti ikamwachilia Februari 1999. Siku ya mwisho ya urais wake alifanya suluhu na mwendesha mashtaka, akakubali leseni yake ya uwakili isimamishwe miaka mitano, ili asifikishwe mahakamani. Naye, kama Nixon, alijua kwamba kuna mahakama inayomngoja nje ya lango la Ikulu.

2002–2021: Neno Moja katika Sheria

Sheria iliyokuja kuwagusa mamia ya watu waliolivamia Bunge la Marekani ilizaliwa na karatasi za wakaguzi wa hesabu. Kampuni ya Enron ya Houston ilipofilisika Desemba 2001, ilibainika kwamba wakaguzi wake, Arthur Andersen, walikuwa wameangamiza lundo la hati, na kwamba sheria iliyokuwapo ilimwadhibu anayemshawishi mwenziwe aangamize hati, lakini haikumgusa barabara yule anayeziangamiza kwa mkono wake. Ili kuliziba tundu hilo, sheria ya Sarbanes-Oxley iliyotiwa sahihi Julai 2002 iliongeza kifungu chenye viungo viwili: cha kwanza kinamhusu anayebadili, anayeharibu au anayeficha hati au kitu ili kisitumike katika shughuli rasmi, cha pili kinamhusu yeyote ambaye kwa namna nyingine huzuia shughuli hiyo. Adhabu yake hufika kifungo cha miaka 20. Maneno hayo, kwa namna nyingine, yalilala humo kama kaa la moto chini ya jivu.

Mwendesha mashtaka Robert Mueller aliyasoma upya mwaka 2019. Katika ripoti yake kuhusu uchaguzi wa mwaka 2016 alichunguza matukio kumi ambayo Rais Donald Trump huenda alijaribu kuuzuia uchunguzi wenyewe, lakini akiufuata waraka wa Wizara ya Sheria, alikataa kutamka kama rais ametenda kosa, kwa hoja kwamba si insafu kumtuhumu mtu ambaye hawezi kupelekwa mahakamani kujitetea. Waraka wa ushauri ulikuwa umekuwa ukuta.

Tarehe 6 Januari, 2021, baraza likiwa limekutana kuhesabu kura za urais zilizompa ushindi Joe Biden, umati wa wafuasi wa Trump ulivunja milango na madirisha ya jengo hilo, wajumbe wakakimbizwa, na hesabu ikasimama kwa saa kadhaa. Trump alishtakiwa barazani kwa mara ya pili, na Februari 13 maseneta 57 walimwona ana hatia dhidi ya 43, pungufu ya kura kumi za kumtia hatiani. Mawakili wake walidai kwamba mtu aliyekwisha kuondoka madarakani mahali pake ni mahakamani, na kiongozi wa chama chake katika Seneti, Mitch McConnell, aliyepiga kura ya kumwachilia, alisema papo hapo kwamba sheria za jinai bado zipo na marais waliostaafu hawana kinga nazo. Mlango wa baraza ulifungwa kwa hoja kwamba mlango wa mahakama uko wazi.

2023–2024: Siku Nne za Kiangazi

Waendesha mashtaka walikitumia kiungo cha pili cha sheria ya mwaka 2002 kuwashtaki zaidi ya watu 300 walioingia katika jengo lile. Tarehe 1 Agosti, 2023, mwendesha mashtaka maalumu Jack Smith alimfungulia Trump mashtaka manne kuhusu juhudi zake za kuyapindua matokeo, na mawili kati ya hayo, njama ya kuzuia shughuli rasmi na kuizuia yenyewe, yalitoka katika kifungu hicho hicho. Trump akadai kinga. Jaji Tanya Chutkan aliikataa tarehe 1 Desemba; mahakama ya rufaa ikaikataa tarehe 6 Februari, 2024, kwa kauli moja. Katika kusikiliza rufaa hiyo, Jaji Florence Pan alimwuliza wakili wa Trump kama rais aliyewaamuru askari wa kikosi maalumu wamwue mpinzani wake wa kisiasa huweza kushtakiwa, na jibu likawa kwamba huweza, mradi baraza limtie hatiani kwanza. Hoja iliyotumiwa mwaka 2021 kuukwepa mkono wa baraza ilikuwa imegeuzwa nje ndani.

Mashauri yote mawili, la mvamizi mmoja aliyekuwa askari polisi wa Pennsylvania na la rais wa zamani, yaliwafikia majaji tisa katika msimu mmoja, na hukumu zote mbili ziliandikwa na mtu mmoja, Jaji Mkuu John Roberts.

Ya kwanza, Fischer dhidi ya Marekani, ilitolewa tarehe 28 Juni. Roberts alisema kwamba maneno "kwa namna nyingine" lazima yasomwe pamoja na jirani zake: mtu akikuta bustani ya wanyama tangazo la kukataza kuwashika wanyama, kuwalisha, kuwapigia kelele, kuwarushia vitu au kuwasumbua kwa namna nyingine, hatadhani kwamba kula chakula chake mbele ya sokwe mwenye njaa ni kosa. Kwa hiyo kuzuia shughuli rasmi katika kifungu hicho ni kuharibu hati, vitu au ushahidi unaotumika humo, si kuzuia kwa kila njia. Majaji sita walikubali, akiwamo Ketanji Brown Jackson aliyeteuliwa na Biden. Watatu walipinga, wakiongozwa na Amy Coney Barrett aliyeteuliwa na Trump, ambaye aliona kwamba mahakama inayapinda maneno yaliyo wazi. Nakiri kwamba hukumu hii hainitii simanzi. Sheria ya jinai inapokuwa pana mno huwa nyavu mkononi mwa serikali yoyote ijayo, na ni heri mvamizi ashtakiwe kwa kuvunja, kuingia na kupiga askari, makosa ambayo yapo na yanajulikana.

Ya pili ilikuja tarehe 1 Julai, na hapo ndipo kalamu yangu inapokuwa nzito. Majaji sita dhidi ya watatu waliyagawa matendo ya rais mafungu matatu. Katika mamlaka ambayo Katiba imempa peke yake, kama kusamehe na kuwaondoa maofisa, kinga yake ni kamili. Katika matendo mengine ya kazi, anadhaniwa kuwa na kinga mpaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba mashtaka hayatailetea kazi ya urais hatari yoyote ya kuingiliwa. Katika mambo yake binafsi hana kinga. Mahakimu wasiiulize nia yake wakati wa kuyagawa matendo, na matendo yenye kinga yasiletwe mbele ya jopo hata kama ushahidi wa kosa jingine. Katika hili la mwisho Barrett hakukubaliana na wenzake. Mazungumzo ya Trump na maofisa wa Wizara ya Sheria, ambao mashtaka yalisema alitaka wayatangaze madai ya uongo ya wizi wa kura, yakawekwa katika fungu la kinga kamili.

Roberts alitoa sababu zinazostahili kusikilizwa: kwamba rais mwenye hofu ya kufungwa hatathubutu kuamua magumu, na kwamba pasipo kinga kila utawala utawatia jela watangulizi wake. Jaji Sonia Sotomayor, akijibu kwa niaba ya watatu, aliuliza vipi kuhusu rais anayeamuru mauaji, anayepanga mapinduzi, anayeuza msamaha kwa rushwa, na akamaliza kwa kusema kwamba anapinga akiwa na hofu kwa ajili ya demokrasia yao.

Nami nauliza jambo dogo kuliko hayo. Ijumaa mahakama ilisema kwamba neno la sheria lisivutwe kupita walivyokusudia waliolitunga. Jumatatu ikaijenga kinga ambayo watunga Katiba hawakuiandika. Ijumaa ilisema kwamba kuzuia, chini ya kifungu kile, ni jambo la hati na ushahidi. Jumatatu ikasema kwamba amri ya rais kwa waendesha mashtaka wake haiwezi kuhojiwa. Tia mazungumzo ya Nixon katika mizani hiyo: hapakuwa na karatasi iliyochanwa, palikuwa na rais na msaidizi wake wakizungumza habari ya mashirika ya serikali, na nia ambayo hakimu amekatazwa kuiuliza. Sioni kwa urahisi ni jopo gani lingeruhusiwa kuisikiliza kanda ile.

2024–2025: Mwisho wa Shauri

Smith hakuacha kesi. Tarehe 27 Agosti alileta hati mpya ya mashtaka, iliyopunguzwa kutoka kurasa 45 hadi 36, mashtaka manne yakiwa yale yale, mazungumzo na Wizara ya Sheria yakiwa yameondolewa. Na kwa kuwa hati za wajumbe bandia wa kura, yaani watu waliojifanya wapiga kura rasmi wa majimbo, zilikuwa karatasi kwelikweli, mashtaka ya kuzuia bado yalikuwa na mahali pa kusimama hata baada ya hukumu ya Fischer. Lakini tarehe 5 Novemba Trump alishinda uchaguzi, na tarehe 25 mwezi huo Smith aliomba shauri liondolewe, akitaja waraka ule ule wa Wizara ya Sheria uliozaliwa siku za Nixon. Jaji Chutkan akakubali, shauri likiondolewa kwa namna isiyokataza kufunguliwa tena.

Tarehe 20 Januari, 2025, kwa ajili ya baridi kali, sherehe ya kuapishwa ilihamishiwa ndani ya jengo la baraza, katika ukumbi wa kuba ambao wavamizi walikuwa wameupita miaka minne kabla. Aliyemwapisha Donald Trump alikuwa Jaji Mkuu John Roberts. Siku hiyo hiyo rais alitia sahihi msamaha kwa watu wapatao 1,500 wa tarehe 6 Januari, na kuwapunguzia wengine 14 vifungo vyao.